Minyororo ya Mlango wa Nyuma wa Pikapu za Zamani: Jinsi ya Kuikagua, Kuibadilisha na Kuitumia kwa Usalama



Kati ya mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, pikapu ndiyo punda wa kazi. Hubeba ndizi za matoke kutoka mashambani, makopo ya maziwa, magunia ya mahindi na maharagwe, mabati ya kuezekea, vitanda na magodoro ya familia inayohama. Mara nyingi hubeba watu pia, kwa sababu siku ya soko abiria ni wengi na magari ni machache.

Nyingi kati ya pikapu hizo zina umri mkubwa. Wapo madereva vijana wanaoendesha magari yaliyoundwa kabla wao hawajazaliwa. Land Rover ya aina ya Series II ilianza kutengenezwa mwaka 1958, mwaka uleule yalipofunguliwa makazi ya Nakivale, na magari ya ukoo huo bado yanaonekana katika barabara za Afrika Mashariki. Gari la zamani si kosa. Likitunzwa, huweza kutumika kwa usalama kuliko gari jipya lililopuuzwa. Kosa huanza pale kifaa kidogo kinapochakaa na mwenye gari akakifunga kwa waya akisema, "Kitafika tu."

Katika makala haya tunaeleza kifaa kimoja cha namna hiyo: minyororo miwili inayoshikilia mlango wa nyuma wa pikapu. Baadhi ya pikapu hutumia vyuma vya kukunja au kamba za waya badala ya minyororo, lakini mengi tutakayoyasema yanazihusu pia.

Kazi ya minyororo ni ipi?

Mlango wa nyuma wa pikapu umefungwa kwa bawaba upande wa chini. Ukifunguliwa hushuka hadi ulingane na sakafu ya bodi. Minyororo miwili, mmoja kila upande, huuzuia usizidi hapo na kuushikilia wakati mzigo unapakiwa au kushushwa. Gari linapoondoka, mlango hupandishwa na kufungwa kwa makomeo au pini zake. Hapo minyororo hulegea, na kazi ya kuzuia mzigo huwa ya makomeo.

Jambo hili ndilo kiini cha makala yetu, nalo tunawaomba mlikumbuke hata mkisahau mengine: minyororo ya mlango wa nyuma imewekwa kwa ajili ya gari lililosimama. Haikuwekwa ili watu wakae juu ya mlango ulioshushwa gari likienda, wala ili magunia yapangwe hapo kwa kuongeza urefu wa bodi. Mnyororo mbovu ni hatari, lakini hata mnyororo mpya kabisa haugeuzi mlango kuwa kiti.

Uzito unavyoongezeka bila kuonekana

Wengi hudhani kwamba watu wawili wakikaa juu ya mlango, kila mnyororo hubeba mtu mmoja. Sivyo, kwa kuwa mnyororo haukuning'inia wima bali umeinama.

Tuchukue watu wawili wa kilo 70 kila mmoja, jumla kilo 140, wameketi ukingoni mwa mlango ulioshushwa. Ikiwa minyororo imefungwa karibu na ukingo huo na imeinama kwa nyuzi 45, kila mmoja huvutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100. Ikiwa imelala zaidi, kwa nyuzi 30, kila mmoja huvutwa kwa kilo 140. Watu ni walewale wawili, ila minyororo inabeba kana kwamba ni wanne. Anayetaka kulithibitisha jambo hili na ajaribu kubeba ndoo ya maji pamoja na mwenzake kwa kamba moja. Wakikaribiana, ndoo ni nyepesi. Wakitengana hata kamba ikakaribia kunyooka, mikono huuma.

Hesabu hiyo ni ya gari lililosimama. Gari likiingia shimoni, bodi hushuka kisha hupanda kwa ghafla. Mzigo unaowekwa ghafla, hata bila kuanguka kutoka juu, huvuta mara mbili ya mzigo huohuo uliotulia. Ukirushwa juu kisha ukaanguka, huvuta zaidi ya hapo. Na mnyororo mmoja ukikatika, wa pili hupokea uzito wote kwa mara moja, huku mlango ukipinda upande mmoja. Ndiyo maana ni nadra mnyororo wa pili kumwokoa aliyeketi pale. Mtu huyo huanguka barabarani, nyuma yake kukiwa na bodaboda au lori linalokuja.

Dalili za mnyororo uliochakaa

Ukaguzi hauhitaji mitambo. Unahitaji mwanga wa mchana, brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo na dakika kumi za subira.

Safisha minyororo yote miwili hadi chuma kionekane. Kisha tazama ncha za kila pete, mahali pete moja inapokaa ndani ya nyingine. Hapo ndipo msuguano hula chuma, wala si ubavuni ambapo wengi hutazama. Katika kazi za kuinua mizigo, kanuni iliyozoeleka ni kuacha kutumia mnyororo ambao pete yake imepungua unene kwa sehemu moja ya kumi. Pete iliyokuwa na unene wa milimita 6 ikibaki na milimita 5.4, imekwisha kazi yake.

Pili, linganisha urefu. Hesabu pete zilezile kwenye minyororo yote miwili, kwa mfano kumi, na uzinyooshe sambamba. Ukiona mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, huo umevutika, na chuma kilichovutika kimepoteza nguvu.

Tatu, tazama mwisho wa mnyororo: kulabu iliyofunguka mdomo, bolti iliyopinda, nati iliyolegea, tundu lililokuwa la duara na sasa limekuwa kama yai. Tazama pia bati linalozunguka tundu hilo, kama lina ufa au kutu iliyolitoboa. Mnyororo imara uliofungwa kwenye bati bovu ni kama mlinzi hodari aliyesimama juu ya tawi bichi.

Mwisho, inua mlango na uutikise. Bawaba zikicheza sana, minyororo inabeba kazi isiyo yake, na kuibadilisha bila kutengeneza bawaba ni kupoteza fedha.

Matengenezo ya kuepukwa

Yapo matengenezo manne ambayo tunayaona mara kwa mara, nayo yote tunayakataza.

La kwanza ni waya wa kufungia nondo. Waya huo ni laini, na kila mlango unapofunguliwa na kufungwa hupinda na kunyooka. Shika kipande kidogo ukipinde huku na huku mara kadhaa. Kitakatika mkononi bila kuvutwa. Ndivyo kitakavyokatika garini, bila kutoa onyo.

La pili ni kuchomelea pete iliyokatika. Moto hubadilisha tabia ya chuma kilicho karibu na mchomeleo, na pete za jirani, ambazo zimechakaa kwa kiasi hichohicho, hubaki kama zilivyo. Leo imekatika ya tano, kesho itakatika ya sita.

La tatu ni kuunganisha kwa kufuli au kwa pete ya kufungia funguo. Vitu hivyo havikutengenezwa kubeba mizigo.

La nne ni kamba ya katani au ya nailoni. Kamba husagwa na ukingo wa bati, na ile ya nailoni hudhoofishwa na jua. Kamba inaweza kukufikisha kwa fundi, mlango ukiwa umefungwa na bodi ikiwa tupu. Haifai kwa safari nyingine yoyote.

Kuchagua mnyororo mpya

Nunua minyororo miwili kwa pamoja, hata kama mmoja tu ndio uliokatika. Iliishi pamoja na kuchakaa pamoja. Mpya ukifungwa kando ya mzee, hautavutika sawa naye.

Dukani, chukua pete moja uitazame kwa karibu. Ikiwa ncha mbili za pete zimekutanishwa tu bila kuchomelewa, na unaona mwanya hata kama ni mwembamba, huo ni mnyororo wa kufungia mbwa au kutundikia taa. Uuache. Tafuta mnyororo ambao kila pete imechomelewa kiwandani, wenye pete fupi, na unene usiopungua ule wa mnyororo wa awali. Ukiwa umepakwa zinki, utachelewa kushika kutu. Muulize mwenye duka uzito unaoruhusiwa kwa mnyororo huo, na asiyeweza kukuonyesha alama wala maandishi yoyote, usimwamini kwa maneno matupu.

Bolti nazo zichaguliwe kwa makini. Bolti nyingi zina nambari kichwani. Yenye alama 8.8 ni imara kuliko yenye alama 4.6, ingawa kwa macho zinafanana. Chukua pia washa pana na nati za kujifunga, zile zenye plastiki ndani, ili mtikisiko wa barabara ya murramu usizilegeze.

Wenye Land Rover wana jambo moja la ziada. Sehemu kubwa ya bodi ya gari hilo ni ya alumini, uamuzi uliotokana na uhaba wa chuma nchini Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili. Alumini ikigusana na chuma mahali penye unyevu, huliwa taratibu na kugeuka unga mweupe. Kwa hiyo weka washa ya plastiki au ya mpira kati ya chuma na bodi, na upake grisi kabla ya kukaza.

Hatua za kubadilisha

Egesha gari mahali tambarare, zima injini, vuta breki ya mkono, na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Shusha mzigo wote. Waondoe watoto nyuma ya gari, maana mlango ukiponyoka huangukia kimo cha vichwa vyao.

Shusha mlango polepole ukiwa na msaidizi, kisha uutegemeze kwa kreti imara, gogo au jeki hadi ulingane na sakafu ya bodi. Usitegemee mkono wa mtu. Pima urefu kutoka tundu la bodi hadi tundu la mlango kila upande, na uandike. Usipime kwa kutumia mnyororo wa zamani, kwani huenda umevutika.

Nyunyizia bolti za zamani mafuta ya kulegeza kutu na uzipe muda, hata usiku mzima ikibidi. Zikikataa, zikate kwa msumeno wa chuma. Usitumie moto wa gesi: katika pikapu nyingi tangi la mafuta liko chini ya bodi, hatua chache tu kutoka hapo unaposimama.

Safisha matundu, ondoa kutu, na upake rangi ya kuzuia kutu. Tundu likiwa limepanuka, weka kipande cha bamba la chuma upande wa nyuma ili nguvu isambae. Bati likiwa limeoza, simamisha kazi na umwone fundi wa bodi kwanza.

Kata minyororo mipya ikiwa na idadi sawa ya pete. Hesabu mara mbili kabla ya kukata. Funga upande wa bodi kwanza, kisha upande wa mlango. Kaza nati mpaka bolti isicheze, lakini hakikisha pete ya mwisho inaweza kugeuka kwa uhuru. Pete iliyobanwa hupinda kila mlango unapofunguliwa, na huko ndiko kukatika kunakoanzia.

Wengi huvisha minyororo mpira wa bomba au kipande cha tyubu ili isipige kelele wala kukwaruza rangi. Ni desturi nzuri, ila mpira huficha kutu na kuhifadhi maji. Acha ncha ya chini wazi, na uuvute juu kila mwezi ili utazame kilicho ndani.

Kisha jaribu. Ondoa tegemeo polepole. Minyororo yote miwili inapaswa kukaza kwa wakati mmoja. Mmoja ukitangulia, mlango utapinda. Weka gunia moja katikati ya mlango, kisha la pili, ukitazama bolti na bati. Usijaribu kwa kumkalisha mtu. Baada ya wiki moja ya kazi, kagua nati tena.

Barabarani

Gari linapoondoka, mlango uwe umefungwa kwa makomeo yake pande zote mbili. Mlango ulioshushwa huweza kuficha nambari ya usajili, na katika baadhi ya magari huficha taa pia. Dereva anayekufuata usiku kwenye vumbi hajui gari lako linaishia wapi. Mzigo mrefu usiokaa ndani ya bodi ufungwe kwa kamba kwenye bodi yenyewe wala si kwenye minyororo ya mlango, na uwekewe kitambaa chekundu mchana na taa au kiakisi mwanga usiku. Kama mzigo ni mwingi kuliko bodi, dawa ni safari mbili.

Kuhusu abiria, tunajua ukweli wa maisha. Mama mwenye mkungu wa matoke na mtoto mgongoni hachagui pikapu kwa kupenda. Lakini dereva anayemkalisha juu ya mlango ulioshushwa anambeba kwa hatari, na anaweza kushtakiwa. Abiria naye ana haki ya kukataa nafasi hiyo na kudai nauli yake kabla gari halijaondoka. Wazee wa vijiji na viongozi wa makazi wanaweza kusaidia sana kwa kulisema jambo hili hadharani, ili anayekataa asionekane mkorofi.

Askari anapokusimamisha

Kuendesha gari lenye ubovu wa hatari ni kosa chini ya sheria ya usalama barabarani. Askari wa usalama barabarani anaweza kukuomba ufungue na kufunga mlango wa nyuma, na akatazama minyororo, makomeo na bawaba. Mwulize kwa heshima ni kasoro gani ameiona. Ni wajibu wake kukueleza, ili ujue cha kutengeneza.

Ukitozwa faini ya papo kwa papo, utapewa hati. Faini hiyo hulipwa kwa njia rasmi inayoonyeshwa kwenye hati, kama vile benki, na kamwe hailipwi mkononi mwa askari. Askari akidai fedha taslimu bila hati, andika mahali, saa na jina lililo kifuani mwake, kisha umwarifu mkuu wa kituo kilicho karibu. Mkimbizi na mwenyeji wana haki sawa ya kusikilizwa kituoni, kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine wanayoimudu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya minyororo miwili na bolti nne ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya hospitali, achilia mbali mazishi. Kwa hiyo tunawaomba wenye pikapu wa Kamukuzi, wa sehemu nyingine za Mbarara, wa Isingiro na wa Nakivale wafanye ukaguzi huu kabla ya siku ya soko ijayo. Atakayekuta pete iliyoliwa, asipakie mzigo hadi aibadilishe.

Kwa dharura yoyote barabarani, piga simu 999 au 112, bila malipo.